Chumba changu cha saba: mrejesho wa nyumba ya Kiswahili Ujiji

Naandika hii kwa sababu karibu kila wiki kuna mtu ananiuliza pale dukani, dada we unakaa wapi, chumba kizuri kinapatikana wapi hapa Kigoma, na mi najibu nusu nusu maana nyuma yake kuna mama kabeba mtoto ana homa anasubiri dawa. Kwaiyo leo Jumapili nimekaa naandika yote kwa mpigo, atakayeniuliza tena nampa asome.

Mi mtu wa Kasulu, nina miaka 29, nauza duka la dawa Mwanga. Tangu nitoke kwa wazazi nimepanga vyumba saba, vinne Dar na vitatu hapa Kigoma mjini, na hiki cha saba ndo kimenifanya nione kumbe miaka yote nilikuwa nikienda kuangalia chumba naangalia vitu sivyo. Kiko Ujiji, upande wa Kasingirima, chumba kimoja cha mbele kwenye nyumba ya bibi mmoja mjane, kodi elfu 30 kwa mwezi, unalipa miezi mitatu mitatu, umeme na maji mbali. Naingia mwaka wa pili sasa na sina mpango wa kutoka.

Kwa mliokulia kwenye nyumba za kisasa, nyumba ya Kiswahili ni ile yenye baraza mbele, mlango mkubwa katikati, ukiingia unakuta korido imenyooka mpaka uwani, vyumba vitatu kushoto vitatu kulia vinatazamana, halafu huko uwani ndo kuna jiko, bafu, choo, kamba za nguo na mti, wa kwetu ni mwembe. Mlango wa mbele na wa uwani ikiwa wazi yote miwili upepo wa ziwani unapita moja kwa moja, mwezi wa tisa huo jua linachoma mpaka mbwa anatafuta kivuli we unatandika mkeka koridoni unapitiwa na usingizi bila feni. Nimepanga masta mbili maisha yangu, yaani chumba chenye choo na bafu humo humo ndani, zote nimezilipia hela nyingi, hakuna iliyowahi kunipa usingizi wa mchana namna hiyo.

Sasa nilivyofika hapa nilifika sina godoro, na hiyo lazima niielezee.

Nilikuwa Kibirizi, chumba na sebule ndogo karibu na ziwa. Nilikipenda kwa sababu jioni unaona maboti yanaingia, taa za wavuvi zinawaka mbali usiku kama mji mwingine uko majini, na dagaa unanunua kabla haijafika sokoni. 2024 ziwa likapanda, waliokuwa huku wanakumbuka maji yalivyosogea yakala mialo na nyumba za watu. Mwenye nyumba kila tukimuuliza anasema yatarudi hayo, yatarudi, na hela ya miezi sita alishaichukua. Nikaenda Kasulu wikiendi moja kumuona mama, kitanda nilikuwa nimekipeleka kwa fundi kubadilisha chaga kwaiyo godoro nililiacha chini sakafuni, Jumatatu narudi nafungua mlango maji yako kwenye kifundo cha mguu, meusi, yana magamba ya dagaa yanaelea, na godoro limevimba upande mzima kama mkate uliozamishwa kwenye chai. Nililiinua likawa zito kama mtu, maji yanachuruzika mwanzo yako meupe halafu yanakuja ya kahawia, nikaliacha lidondoke nikakaa juu ya ndoo nikalia. Lilikuwa la inchi 8, nimelinunua kwa mshahara wangu wa kwanza hapa. Hela ya miezi iliyobaki haikurudi hadi leo.

Basi nikaanza kuzunguka na dalali. Huku kwetu dalali anataka elfu 5 kila chumba anachokuonyesha, ukipenda ukikubali unampa tena kodi ya mwezi mmoja. Kanizungusha Gungu na Katubuka siku mbili, vyumba vinne, elfu 20 imeenda, vyote vizuri kwa macho. Ni mama mmoja anayeuza mawese sokoni Mwanga ndo aliniambia mwanangu acha kumlisha huyo, kuna bibi Ujiji ana chumba kimekaa wazi mwezi wa pili sasa kwa sababu anachagua watu.

Nikaenda baada ya kazi. Nimemkuta barazani kakaa mkekani anachambua mchele kwenye ungo. Shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu, karibu kitako. Hakunionyesha chumba. Kaniuliza kwetu wapi, kwa nani, nafanya kazi wapi, nasali wapi, napikia mkaa au gesi, narudi saa ngapi usiku, na kule ninakotoka natoka kwa nini. Nimejibu yote, hiyo ya mwisho nikamwambia habari ya maji na sauti ikanikwama kidogo. Akanyamaza, akapepeta ungo wake mara mbili tatu, halafu akasema haya, na wewe sasa niulize mimi.

Vyumba sita kabla ya pale, hakuna mwenye nyumba aliyewahi kuniambia niulize. Nikauliza nilichozoea kuuliza, bibi kuna silingi bodi? Akasema hakuna, mvua ikinyesha utaisikia yote. Nikanyamaza sina lingine. Ndo akanihesabia mwenyewe kwa vidole, akasema mwanangu uliza maji yanatoka siku gani na yanagawanywaje, uliza mita inasomwa na nani, uliza mlango unafungwa saa ngapi na ufunguo anao nani, uliza choo kinaoshwa na nani zamu kwa zamu, uliza aliyetoka kwenye hicho chumba alitoka kwa sababu gani. Halafu akanijibu moja moja. Chumba chenyewe tuliingia kukiona magharibi inaadhiniwa, na nilikuwa nimeshaamua.

Kuhamia kwenyewe nilikodi toyo, ile pikipiki ya mizigo ya matairi matatu, elfu 25 Kibirizi mpaka Ujiji pamoja na kupakia, kijana yule namsifu kabisa, alifunga kamba vizuri na kwenye mteremko akawa anaenda taratibu bila mimi kusema. Shida ikawa kitanda. Kitanda changu ni cha mninga, tano kwa sita, nilikinunua Keko 2019 nikiwa Tabata, 2021 nikaja nacho kwa treni mpaka hapa Kigoma reli inapoishia, kilomita zaidi ya 1,250 kimesafiri bila mkwaruzo, halafu kinakuja kukataa kuingia kwenye mlango wa chumba cha Ujiji. Korido ni nyembamba, kichwa cha kitanda hakigeuki. Yule kijana anasukuma, watoto wa nyumba nzima wanashauri, dada kilaze, dada kisimamishe, ukuta unaanza kumeguka chokaa. Mimi nikawa nimeshakata tamaa nawaza nikiuze. Bibi akatoka uwani, anatembea polepole, akafungua fundo la kanga akatoa spana. Marehemu mume wake alikuwa fundi reli, vyombo vyake vyote ameviweka. Akasema kichwa cha kitanda kina bolti nne nyuma, hukuona? Sikuziona miaka mitano yote maana zilizibwa na nta. Tukafungua, kikaingia, tukafunga.

Kisha akaja na chetezo mkononi akasimama mlangoni. Mi Mkristo na anajua, ndo maana aliuliza nasali wapi. Akasema chumba kimekaa miezi miwili bila mtu, nataka nikifukize ubani, utakubali au hutakubali? Nikasema bibi karibu. Akapita kila kona, chini ya kitanda, nyuma ya mlango, hasemi neno. Usiku akanipa godoro la sufi la kwake nililalie mpaka nitakapopata langu, na sahani ya ugali wa muhogo na mgebuka umeungwa kwa mawese. Nimelalia lile godoro wiki saba na hakuna siku aliuliza.

Sasa umeme, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu ndo kitu kinachofukuza watu wengi kwenye nyumba za kupanga kuliko hata kodi.

Kabla ya Kibirizi nilikaa Mwanga, masta, tailizi nyeupe, jipsamu, dirisha la aluminiamu, elfu 80. Nilivyotoka Dar niliona nimefika. Mita ilikuwa moja, wapangaji saba, mwenye nyumba anaishi mkoa mwingine tunamjua kwa sauti ya simu. Utaratibu wake kila chumba kitoe elfu 5, mwenye friji elfu 10, anayekusanya ni mpangaji wa chumba namba moja. Sasa sikilizeni. Nyumba inayotumia umeme isiyozidi unit 75 kwa mwezi inauziwa shilingi 100 kwa unit kabla ya kodi na makato, ikiwa inavuka hapo kila mwezi inahamia bei ya kawaida, 292. Ndo maana mtu anayekaa peke yake na mita yake akinunua ya buku tano, yaani elfu tano, anapata unit 40 na kitu, na sie saba kwenye mita moja buku tano ile ile tulikuwa tunapata 14. Ukiongeza kodi ya jengo inayokatwa humo humo kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, tangu 2021, ilianza buku kwa mwezi, 2023 ikawa buku jero, yaani 1,500, basi manunuzi ya kwanza ya mwezi buku kumi inakuja na unit 23 na pointi. Watu hawajui hayo, wanachojua ni kwamba umeme umeisha siku ya tatu, kwaiyo kuna mwizi. Nani ana hita, nani anapiga pasi usiku, mbona kwako taa inawaka saa 8. Kuna dada alikuwa anaumwa akawa anachemsha maji kwa hita alfajiri, alisemwa koridoni na watu sita mpaka akahama. Na pampu ya kisima nayo ilikuwa kwenye mita hiyo hiyo, umeme ukiisha na maji yameisha. Tailizi zangu zilikuwa zinang'aa lakini miezi ya mwisho nilikuwa naingia kwangu nimevua viatu mkononi ili wasinisikie wakaja kudai.

Kwa bibi nako mita ni moja na bei ni ile ile kubwa, sitaki kuwadanganya, umeme Ujiji sio rahisi kuliko Mwanga. Tofauti ni kwamba juu ya kila mlango kuna submita, mita ndogo ya chumba hicho peke yake. Tarehe 1 ya mwezi baada ya swala ya isha wote tunatoka koridoni, bibi anakaa kwenye kigoda na kaunta buku lake magotini, kalamu imefungwa kwa uzi ili isipotee, mjukuu wake wa darasa la sita anapanda kwenye stuli na tochi ya simu anasoma namba kwa sauti, bibi anaandika, anatoa ya mwezi uliopita, anazidisha. Mwaka jana kuna mwezi kijana alisoma ya kwangu, bibi akaandika, halafu akasimamisha kalamu. Akasema huyu hana friji wala tivii, hawezi kula zote hizo, soma tena. Kijana akafuta vumbi kwenye kioo kwa kidole, kumbe 3 ameiona 8. Ilikuwa ni unit tano tu, shilingi 1,780. Lakini mi nilirudi ndani nikakaa kitandani nikafikiria Mwanga, nikafikiria na Tabata, yaani kuna mtu anajua mimi natumia umeme kiasi gani na ananitetea bila mimi kufungua mdomo.

Na ile kodi ya jengo anaitoa yeye. Mpangaji mmoja aliwahi kumwambia bibi tugawane tu, akakataa, akasema jengo langu, kodi yake yangu. Hela ikishakamilika mjukuu ananunua kwa simu, anasoma zile tarakimu 20 kwa sauti, mwingine anabonyeza, wote tunasubiri mpaka mita ikubali ndo tunaingia kulala.

Maji ya bomba upande huu yanatoka siku moja yanaruka siku. Uwani kuna mapipa mawili ya lita 200 ya nyumba nzima, kila chumba kina madumu yake, zamu imeandikwa kwa chaki ukutani. Bili inagawanywa kwa vichwa, mtoto chini ya miaka mitano hahesabiwi. Yatosha, sina la kulalamika.

Dar sitaelezea sana kwa sababu wengi mnaijua na hadithi zetu zinafanana. Manzese 2016 tulikuwa wasichana watatu chumba kimoja, elfu 40 tunachanga, tuko chuo, tulikuwa na furaha na kunguni. Kimara 2017 nilikaa miezi minne nyumba ikapigwa X, alama ya kubomolewa, kupisha upanuzi wa barabara ya Morogoro, pale ilikuwa mita 121 na nusu toka barabarani kila upande, mwenye nyumba mwenyewe alikuwa mzee analia kuliko sisi, ungemdai nini. Mabibo nilikaa miaka miwili vizuri tu nikatoka kwa sababu nilipata kazi. Tabata ndo masta yangu ya kwanza, laki moja kwa mwezi, miezi sita mkupuo, dalali juu, na nilivyolipa ile hela nilijiona nimekuwa mtu mzima. Mama mwenye nyumba ile mkigombana kitu kidogo anashusha swichi kubwa jioni halafu anatoka anaenda kanisani. Dada tuliyepakana ukuta nilikaa naye karibu miaka miwili simjui jina, nilimjua kwa mlio wa simu yake. Siku moja mlio ukaacha kusikika, sikujua kama amehama au amefanyaje, na hakukuwa na mtu wa kumuuliza. Hiyo inanikaa moyoni mpaka kesho.

Sasa mabaya ya hapa, maana mrejesho bila mabaya ni tangazo.

Mvua. Bibi alisema kweli, bati halina kitu chini yake, mvua za kuanzia mwezi wa kumi na moja zikishuka huongei na simu, husikii redio, ukiwa na mgeni mnatazamana tu. Masika ya kwanza nilikuwa silali, sasa hivi nimezoea, ila mwenye mtoto mchanga afikirie. Joto la saa 8 mchana nalo chumbani ni kali kwa sababu hiyo hiyo, ahueni iko koridoni.

Choo kiko nje. Kisafi, zamu zinafuatwa, bibi anakagua mwenyewe, lakini saa 9 usiku tumbo limekukaba ni kutoka, kupita korido, kufungua komeo, kuvuka uwani. Taa ipo. Bado ni nje. Mtu mwenye mguu mbovu au mjamzito wa miezi ya mwisho simshauri.

Kuta ni nene, za udongo zimepigwa lipu, zinazuia kelele za jirani kwelikweli ila zinazuia na mtandao, mi nikitaka intaneti nakaa dirishani. Nilifanya mtihani mmoja wa kozi ya mtandaoni nimeegemea nondo za dirisha masaa mawili, mbu wananila.

Moshi. Kuna mama mpangaji anakaanga maandazi ya kuuza, anaanza saa 10 alfajiri, jiko lake la kuni lilikuwa chini ya dirisha langu na nguo zangu za kazi zikawa zinanuka moshi na mafuta, mteja mmoja dukani akaniambia dada unanukia chai ya asubuhi. Nilikaa na hilo wiki tatu naogopa kusema kwa sababu nyumba zilizopita ukisema ndo vita imeanza. Mwisho nikamwambia bibi, bibi akamuita yule mama mbele yangu, hakumgombeza, akamwambia tu mwanangu moshi unamuingilia mwenzio, sogeza jiko chini ya mwembe. Likasogezwa siku hiyo hiyo. Na yule mama mpaka leo ananiwekea maandazi mawili kwenye kawa.

Mlango unafungwa saa 4 usiku. Hapa ndo vijana wengi wanaishia, na nawaelewa. Ufunguo anao bibi na mpangaji mkongwe, basi. Mwezi wa sita tulikuwa tunahesabu mzigo dukani nikafika saa 5 na nusu, nimegonga, amefungua bibi mwenyewe kajifunika kanga kichwani, hakusema kitu, kesho yake alfajiri akaniambia ukijua utachelewa niambie mapema nilale nikijua, mi sikulala nikikusubiri. Sikukasirika, niliona aibu. Siku hizi namtumia ujumbe mjukuu wake. Mgeni wa kulala lazima umtambulishe, na mgeni wa kiume wa kulala hakuna, labda ndugu wa damu na awe na maelezo. Anayetaka uhuru wake kwenye hilo atafute masta Mwanga, sitamlaumu hata kidogo, mtu mzima anajua maisha yake. Mi binafsi nilipima nikaona ninachopewa ni kikubwa kuliko ninachozuiwa, na dada yangu aliyekuja kunitembelea alipima akaona tofauti, tumebishana mpaka usiku.

Gari pia hakuna pa kuliweka. Na kwenda Mwanga asubuhi ni kugombania daladala, saa 1 kamili Hiace zinapita zimejaa, mi natoka saa 12 na nusu.

Kuhusu mtaa wenyewe, Ujiji watu wanaijua kwa habari ya Livingstone na Stanley kukutana chini ya mwembe 1871, wageni wanashuka pale makumbusho wanapiga picha wanaondoka. Kuishi ni kitu kingine. Ni mji wa watu waliokaa pamoja muda mrefu, Wamanyema, Waha, Waarabu, watu wa ng'ambo ya ziwa, salamu ni ndefu, ukipita bila kuamkia utaulizwa kwa bibi yako jioni hiyo hiyo. Mwezi wa kwanza iliniudhi, nimetoka kazini miguu inauma mtu ananiuliza habari za kazini, za huko utokako, za wazazi Kasulu. Sasa nikipita pale kwa fundi cherehani asiponiuliza mama anaendeleaje naona kuna kitu hakiko sawa.

Usalama, miezi yote hii sijaibiwa hata ndala. Nguo nalaza kambani. Kuna siku nilisahau ufunguo umening'inia kwenye kufuli kwa nje nikaenda kazini, nimerudi nimeukuta kwa bibi, kaufunga kwenye fundo lile lile la spana.

Nikitoa maksi nampa bibi 9 kwa 10, chumba chenyewe kama chumba 6, umeme wake 8 kwa utaratibu na sio kwa bei, choo 5. Kwa elfu 30.

Nimeandika leo pia kwa sababu kuna nafasi. Mwalimu wa chumba cha tatu kulia amehamishiwa Uvinza, anatoa vitu vyake tarehe 28 na tarehe 29 kinapakwa chokaa. Chumba chake kimetazamana na bafu, ni kidogo kuliko changu, elfu 25, dirisha linaangalia mwembe. Bibi hataki dalali na hana bei ya kupunguza kwaiyo msisumbuke. Anayetaka aje baada ya alasiri, atamkuta barazani, amwamkie kwanza, akae kitako, asianze na habari ya kodi, na awe na mtu mmoja hapa mjini anayemfahamu ambaye bibi anaweza kumuulizia. Akimaliza kukuuliza atakwambia na wewe umuulize. Uwe na la kuuliza.